Wafilipino Hawali Mayai ya Bata Peke Yake, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Naandika kutoka Quezon City, jirani kabisa na Manila, nimeolewa huku na jikoni nashinda na mama mkwe na wifi zangu, kwa hiyo haya ninayosema nayajua kwa mikono yangu sio kwa kusimuliwa. Makala yenu ya vyakula vya Wafilipino niliisoma kwenye simu, nikaanza na furaha maana ni nadra gazeti la Kiswahili kuikumbuka nchi hii, alafu kadiri nilivyoshuka ndo nikazidi kununa. Ukurasa mzima ni yai la bata lenye kifaranga, utumbo wa kuku kwenye vijiti, damu ya kuchoma kwenye mkaa, kisha mwandishi wenu anafunga kwa kuuliza hawa watu wana matumbo ya aina gani. Mbona hakuuliza wanapika nini nyumbani siku za kawaida?

Tulimalize hilo yai kwanza maana najua ndo wasomaji walilobaki nalo. Balut ipo, sikatai. Ni yai la bata lililoatamiwa siku 14 mpaka 18 hivi kisha likachemshwa, unalivunja kwa juu kidogo, unafyonza supu, unatia chumvi au siki ndo unakula. Muuzaji anapita jioni mpaka usiku mkubwa, kikapu kimefunikwa nguo ili mayai yakae moto, na wateja wake ni wanywaji bia na watu wanaotoka shifti za usiku. Mji wake wa jadi ni Pateros, kamji kadogo humu humu ndani ya Metro Manila, zamani bata walifugwa pale mtoni kwa wingi mpaka mto ukachafuka ufugaji ukafa, siku hizi mayai yanatoka mikoa mingine kama Laguna. Hiyo ndo habari, mto umeharibika na kazi ya mji mzima ikayumba, lakini nyie mkaandika manyoya ya kifaranga. Na kwa taarifa yenu wifi yangu mdogo hagusi balut na hakuna anayemshangaa, wako Wafilipino kibao wa hivo.

Sasa mimi nawaambia, ukitaka kumjua Mfilipino kwa chakula achana na yai, anzia kwenye siki.

Yaani siki huku sio kitu cha kutia kwenye kachumbari ukasahau chupa kabatini. Nyumbani kwetu chupa hazipungui tatu na kila moja ina kazi yake. Iko ya miwa kutoka Ilocos kule kaskazini, rangi ya kahawia iliyokolea, iko ya nazi, na iko ya Paombong mkoani Bulacan ambako ndo kwao mama mkwe, hiyo inatokana na nipa, jamii ya mnazi mfupi unaomea kwenye matope ya maji chumvi kule kwenye mikoko. Ukienda Iloilo utakuta chupa imejazwa pilipili, tangawizi na vitunguu saumu inawekwa mezani ikae hivo hivo miezi, wanaiita sinamak, na mtu anaimwagia samaki wa kuchoma mpaka anatoka machozi na bado anaongeza.

Hiyo ya nazi ndo inanifurahisha kuliko zote. Mgema anapanda mnazi asubuhi, anapanda tena jioni, anakinga tembo lake, wao wanaliita tuba, likiwa bichi ni tamu, likikaa linakuwa kilevi, likikaa zaidi linageuka siki lenyewe bila mtu kulifanyia chochote. Kule visiwa vya Visayas wanatia magome ya mikoko linakuwa jekundu kabisa. Na wagema wa Kifilipino walivuka nalo Pasifiki, maana zile meli za Wahispania za Manila na Acapulco zilizokwenda na kurudi kuanzia 1565 mpaka 1815 zilibeba na watu, na watu wakabeba ujuzi wao, mpaka leo jimbo la Colima huko Meksiko tuba inauzwa barabarani kwa jina hilo hilo. Makala yenu ingeanzia hapo nani angeacha kusoma?

Sababu ya siki ni ya wazi kabisa. Nchi ni joto na unyevu mwaka mzima, visiwa 7,641, friji limekuja juzi tu, nyama au samaki ukimpika kwa siki na chumvi anakaa siku kadhaa haharibiki. Ndo maana adobo ikawa chakula cha kila nyumba. Mhispania alipokuja akaikuta inapikwa akaipa jina la kwao, imeandikwa kwenye kamusi ya Kitagalog ya 1613 kwamba ni adobo ya wenyeji, kwa hiyo wale wanaosema Wafilipino wameiga adobo kwa Wahispania wakae chini, waliloiga ni jina.

Niwaambie mama mkwe anavyoipika. Kuku anakatwa vipande na mifupa yake, kitunguu saumu kichwa kizima kinapondwa sio kukatwakatwa, pilipili manga nzima nzima, jani la laurel, sosi ya soya, alafu siki. Na siki ikishamwagwa mwiko ni marufuku. Hakuna kukoroga mpaka ichemke vizuri ule ukali wa ubichi upande na mvuke, ukikoroga kabla ya hapo chakula chote kitabaki na ukali wa kukera puani. Wifi yangu mkubwa ana watoto watatu na kazi benki lakini akisogea na mwiko kabla ya wakati bado anachapwa mkononi. Baadae mchuzi unaachwa ukauke mpaka mafuta yajitenge, kuku anakaangika kwenye mafuta yake mwenyewe, anakuwa na rangi ya kahawia na ile harufu ya saumu inaenda mpaka barabarani. Leo ni nzuri, kesho ni nzuri zaidi, keshokutwa mnagombania mabaki na wali wa kukaanga asubuhi.

Na usifikiri hiyo ndo adobo moja. Iko isiyo na soya kabisa, nyeupe, wazee wengi wanasema ndo ya asili. Iko ya Batangas yenye manjano. Iko ya tui la nazi. Iko ya ngisi na wino wake, nyeusi tititi. Mwaka 2021 ofisi ya serikali inayoshughulika na viwango, iliyo chini ya wizara ya biashara, ikatangaza eti wanataka kuweka kiwango rasmi cha kupika adobo, jamani nchi ilichafuka! Mitandao yote ni matusi na vichekesho, kila mtu adobo ya mama yake ndo yenyewe, mpaka wizara ikabidi itoke kufafanua kwamba ni kwa ajili ya kuitangaza nje ya nchi tu na hakuna atakayekuja jikoni kwa mtu kukagua sufuria. Mimi nilikuwa upande wa matusi.

Ukitoka kwenye siki bado uko kwenye uchachu. Sinigang ni supu, ya nguruwe au kamba au samaki, imejaa figili na bilinganya na mboga za majani, na kinachoitia uchachu ni ukwaju mbichi, au bilimbi, au mapera, au embe changa, inategemea mkoa na msimu. Mvua ikianza kunyesha mwezi wa sita hapa, barabara zimejaa maji na jeepney zimekwama, kila mtu anataka sinigang. Siku hizi kuna pakiti za unga za dukani, na mama mkwe anazo, asijifanye hana, lakini akija mgeni anachemsha ukwaju wenyewe anauponda kwa kijiko anachuja na kutupa kokwa, na mgeni lazima aambiwe.

Kuna kitu kingine ambacho mwandishi wenu hakukiona kabisa na ndo roho ya meza ya Kifilipino. Chakula hakimalizikii kwa mpishi, kinamalizikia kwa mlaji. Mbele ya kila mtu kuna kisahani kidogo, unajichanganyia mwenyewe, siki na pilipili, au soya na calamansi ambayo ni kandimu kadogo ka mviringo, au patis yaani yale maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, au bagoong, yaani uduvi nao waliochachushwa kwa chumvi. Kila mtu na mchanganyo wake, baba mkwe anasaga pilipili kwa nyuma ya uma, mume wangu anataka saumu nyingi, watoto calamansi tupu. Na mpishi hanuni! Mwanzoni unaweza kuona ni dharau mtu kuongezea chumvi chakula ulichokihangaikia, kumbe kimepikwa kwa kutarajia hivo. Kare-kare kwa mfano, ni mkia wa ng'ombe na matumbo kwenye mchuzi mzito wa karanga, pamoja na bilinganya na ua la mgomba, inapikwa makusudi ikiwa haina chumvi ya kutosha maana chumvi yake iko pembeni, ni ile bagoong. Ukila bila bagoong utasema imepooza na utakwenda kuandika gazetini kwamba Wafilipino hawajui viungo.

Kuhusu hivo vijiti vya barabarani, haraka haraka tu. Utumbo wa kuku unaitwa isaw, unasafishwa, unachemshwa, ndo unachomwa, na unachovywa kwenye siki, tena siki. Miguu ya kuku wanaiita Adidas kwa ile mistari mitatu, samahani, vidole vitatu, damu iliyokatwa pembe nne wanaiita Betamax kwa kufanana na kanda za video za zamani, na kichwa cha kuku ni helmet. Watu wenye utani wa hivyo na umasikini wao hawahitaji kuhurumiwa na mwandishi. Hayo yalianza kwa sababu hakuna kutupa kitu, na sisig nayo ni hivo hivo.

Sisig mmeitaja kwa mstari mmoja, kichwa cha nguruwe cha kukaanga. Basi niwape iliyobaki. Pampanga, kaskazini ya Manila, watu wa huko wanajulikana nchi nzima kwa kupika, na neno sisig limo kwenye kamusi yao ya 1732 likiwa na maana ya kitu kichachu, papai bichi au pera bichi na siki na chumvi na saumu. Karne mbili na nusu baadae, mji wa Angeles, pembeni yake wakati huo kulikuwa na kambi ya jeshi la anga la Marekani, Clark, Wamarekani walikuwa hawali vichwa vya nguruwe kwa hiyo vikauzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1974 Lucia Cunanan, watu wakimwita Aling Lucing, mwenye kibanda kando ya reli, akavichemsha, akavichoma kwenye mkaa, akakatakata masikio na mashavu vipande vidogo, akachanganya na vitunguu na siki na calamansi na pilipili. Ndo sisig inayoliwa leo mpaka Marekani kwenyewe. Angeles wameshaitangaza rasmi kuwa urithi wa mji tangu 2017. Ikija imevunjiwa yai juu na mayonezi usiilete mbele ya mtu wa Pampanga, atakusomea.

Sasa tamu. Hapa ndo mlinivunja moyo zaidi kwa sababu mmeandika aya moja tu na picha ina maelezo ya uongo. Ile picha ya vijiti vya zambarau kwenye jani la mgomba mmeandika ni viazi vya ube. Sio. Ile ni puto bumbong na ule urangi asili yake ni mchele, mchele wa kunata wa rangi ya zambarau nyeusi unaoitwa pirurutong. Unalowekwa, unasagwa, unashindiliwa kwenye vipande vyembamba vya mianzi, vinasimamishwa juu ya chungu cha maji yanayochemka, mvuke unapita katikati, na baada ya dakika chache mama anakigonga kijiti cha mwanzi pwa, kinadondoka kidude kirefu kama kidole. Anakipaka siagi, anakimwagia nazi iliyokunwa na sukari guru, unakula na mvuke wake unakuchoma. Mchele wenyewe siku hizi ni ghali na wengi wanadanganya na rangi za dukani, hapo sawa, mlaumu mwuzaji, ila kiazi hakihusiki.

Na wakati wake hamkuutaja. Kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba kuna misa za alfajiri, siku tisa mfululizo, zinaitwa Simbang Gabi, zilianzishwa mapema hivo tangu enzi za Wahispania ili wakulima wawahi kusali kabla ya kwenda shamba. Saa 10 usiku mji uko macho. Nje ya kanisa ndo kuna vibanda, puto bumbong upande huu, bibingka upande ule, na mimi nakiri watu wengine nia yao ni kibanda, misa wanaisikilizia nje. Bibingka ukiionja utashtuka, ni mkate wa kumimina ule ule wa mchele na tui, isipokuwa unamiminwa kwenye chungu kilichotandikwa jani la mgomba, makaa chini na makaa juu, jani linaungua kidogo harufu inaingia ndani, na juu wanaweka yai la bata la chumvi na jibini nyeupe ya maziwa ya nyati wa kufugwa. Chumvi juu ya tamu. Hilo yai la bata mngelipigia picha basi, kama ni bata mnaowataka.

Jamii hiyo yote ya vitu vya mchele na nazi wanaiita kakanin na ukianza kuhesabu hutamaliza, kila mji una chake na unaringia. Kuna kutsinta ya kahawia inayovutika kwa sababu ya maji ya magadi, inaliwa na nazi. Kuna palitaw, vidonge bapa vya unga wa mchele wa kunata vinavyotupwa kwenye maji ya moto, vikiibuka juu vimeiva, unaviviringisha kwenye nazi na sukari na ufuta. Kuna sapin-sapin yenye tabaka za rangi, suman iliyofungwa kwenye majani ambayo ukila na embe bivu la huku hutaki kuongea na mtu. Bohol wana kalamay nyeusi nzito inauzwa ndani ya vifuu viwili vya nazi vilivyogandishwa kwa ukanda wa karatasi nyekundu. Kazi kubwa ni kukuna nazi na kukoroga, biko moja ya sherehe, yaani wali wa kunata wa tui na sukari, inakorogwa mpaka bega linauma, na hapa nazungumzia bega langu, maana mgeni wa ukoo ndo hupewa mwiko. Kinachobaki baada ya tui zito kuchemshwa mpaka likatoa mafuta, yale makapi ya kahawia matamu, yanaitwa latik na yananyunyizwa juu. Watoto wanaiba sufuriani.

San Miguel huko huko Bulacan kuna pastillas za maziwa ya nyati, tamu laini, na karatasi zake zilikuwa zinakatwa kwa mkasi mdogo kuwa maua na nyumba na maneno ya kukaribisha, mkia mrefu wa karatasi unaning'inia kwenye bakuli. Bibi zao ndo walijua. Siku hizi wanaojua ni wachache.

Niongeze na champorado kwa wanaodhani wameona kila kitu. Ni uji wa mchele wa kunata na chokoleti, kakao ilikuja na zile meli za kutoka Meksiko, na unaliwa asubuhi na dagaa... hapana sio dagaa, ni samaki mkavu wa chumvi anaitwa tuyo, amekaangwa, ananuka mtaa mzima. Kijiko cha uji wa chokoleti, kipande cha samaki. Mwandishi wenu akitafuta cha kushangaa angeshangaa hapo, na akionja angerudia.

Halo-halo mliitaja kama aiskrimu. Sio aiskrimu, ni glasi kubwa imejazwa chini maharage matamu, ndizi, fenesi, jeli, nyama laini ya nazi ya macapuno, katikati barafu iliyokwanguliwa na maziwa ya kopo, juu ndo kuna ube, hapa sasa kiazi kikuu cha zambarau kweli kipo, na kipande cha leche flan, pudini ya mayai na maziwa. Inasemekana ilianzia kwa wauzaji Wajapani waliokuwa Manila kabla ya vita, wakiuza maharage matamu na barafu kwenye masoko ya Quiapo, na barafu yenyewe ilipatikana kwa sababu Wamarekani walijenga kiwanda cha barafu Manila mwaka 1902. Kwa hiyo glasi moja ina Mjapani, Mmarekani, Mhispania na nazi ya mwenyewe. Ukishaletewa unachanganya mpaka chini, anayekula kwa tabaka anachekwa. Na wale wauza taho wa asubuhi, ndoo mbili za bati begani na mti, tofu laini ya moto na asali ya sukari na sago, ule wito wao "tahoooo" ndo unatuamsha mtaani hapa, tungewasahau ingekuwa dhambi.

Mtu mmoja tu naomba mmwandikie makala yake peke yake, Maria Orosa. Alikuwa mtaalamu wa vyakula, alisoma Seattle, akarudi kwao akafanya kazi serikalini akizunguka vijijini kufundisha akina mama kuhifadhi chakula. Nyanya zilikuwa shida huku, ndizi zipo tele, akatengeneza kechapu ya ndizi, ile nyekundu iliyoko kila nyumba ya Mfilipino na inayofanya tambi zao za sherehe ziwe na sukari kiasi cha kumkera Mwitaliano. Wakati Wajapani wameikalia nchi akatengeneza unga wa soya wenye lishe, ukaingizwa kwa siri kwa wafungwa waliokuwa wanakufa njaa makambini, Santo Tomas na kwingine. Alikufa Februari 1945 kwenye mapigano ya Manila, ndugu zake walimtaka aondoke mjini akakataa kuacha kazi yake. Kuna barabara yenye jina lake pale Ermita, watu wanapita na chupa ya kechapu kwenye mfuko wa plastiki hawajui.

La mwisho. Kwenye maoni ya wasomaji wenu wengi wamesema huku ni nguruwe tupu, Muislamu atakufa njaa. Nguruwe ni mwingi, kweli, lechon ya Cebu ni mnyama mzima juu ya mkaa na sherehe bila yeye watu wananuna. Lakini Waislamu wako asilimia 6 hivi ya nchi, wengi kule Mindanao na visiwa vya Sulu, na jiko lao ni jiko lingine kabisa ambalo hata watu wa Manila hawalijui sawasawa. Wamaranao wa kandokando ya ziwa Lanao wana palapa, kitunguu cha kwao kinaitwa sakurab kinapondwa na tangawizi na pilipili nyingi, kinaingia kwenye kila kitu, kuku wa nazi, samaki, hata wali. Watausug wa Sulu wana tiyula itum, supu ya nyama ya ng'ombe nyeusi kama wino kwa sababu nazi inachomwa mpaka iwe mkaa ndo inasagwa na viungo, ukiitazama unaogopa ukiionja unakaa kitako. Zamboanga watu wanaanza siku na satti, mishikaki midogo imezamishwa kwenye mchuzi mzito mwekundu wa pilipili pamoja na vipande vya wali, saa 12 asubuhi! Na huyo anayeogopa kufa njaa Manila aulizie pastil, ni wali na kuku wa kuchambuliwa ndani ya jani la mgomba, cha Wamaguindanao, halali, bei ya chini, siku hizi kinauzwa vibandani hapa mjini na wanafunzi Wakristo nao wamepanga foleni. Quiapo karibu na Msikiti wa Dhahabu ndo kuna vibanda vyake vingi, ashuke pale aulize, wataelekeza.

Picha ya puto bumbong naomba mrekebishe maelezo yake.

Wenu,
Msomaji, Quezon City, Ufilipino